Mwenye daftari la wajane ni mama mkwe wangu. Je, nihamie kwa Mtume?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msomaji wa safu yako, mama wa watoto watatu, na ni katibu wa mtaa katika kanisa letu huku Kilombero. Jina langu naomba usilitoe.

Kanisani kwetu tuna mfuko wa wajane. Baada ya mavuno waumini huleta mpunga, unanadiwa nje baada ya ibada, na sehemu ya fedha pamoja na magunia kadhaa hutengwa kwa ajili ya wajane na wazee wasio na mtu. Mgao ni mara moja kwa mwezi, barazani kwa mwinjilisti. Majina husomwa kutoka kwenye kaunta buku, na kila anayeitwa hupewa mchele kilo tano, mche wa sabuni na sukari kidogo.

Shida yetu ni hiyo kaunta buku. Hapa tuko makundi mawili, ingawa hakuna anayelitamka madhabahuni: kuna wenyeji, na kuna "wa kuja", waliohamia kufuata mashamba. Wa kuja sasa wanakaribia nusu ya washarika. Wanaimba kwaya, wanatoa sadaka, na mpunga mwingi unaonadiwa ni wao. Lakini kwenye kaunta buku majina ni ya wenyeji karibu matupu. Mwezi uliopita bibi mmoja wa upande wao alikuja na kikapu chake cha ukili, akakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka jina la mwisho likasomwa. Alipouliza akaambiwa, "Bibi, jina lako halimo." Akasema, "Haya, asanteni," akajitwika kikapu kitupu akaondoka. Jumapili iliyofuata vijana wa upande wao hawakuja kwaya, na mpaka leo hawajaja.

Sasa anayeshika kaunta buku ni mama mkwe wangu. Ameishika tangu kabla sijaolewa. Si mwizi, Mwalimu, hata kiberiti cha kanisa hawezi kwenda nacho nyumbani. Ila nikimgusia habari ya hao wajane wengine ananijibu, "Hao wana kwao." Baraza la wazee wanajua, wanamwogopa. Na mimi ni mkaza mwana, nitasema nini?

Wakati huohuo kuna huduma mpya imefunguliwa mjini kwenye ukumbi wa kupanga. Kiongozi wao anaitwa Mtume. Nimekwenda jioni mara chache na moyo wangu ulitulia. Hakuna kamati, hakuna baraza, hakuna mwenyeji wala wa kuja. Anahubiri Matendo sura ya 2 na ya 4, jinsi walioamini walivyokuwa na moyo mmoja na roho moja, wakawa na vitu vyote shirika, na wenye mashamba wakauza wakaweka fedha miguuni pa mitume. Anasema hilo ndilo kanisa la kweli, haya mengine ni ofisi. Wiki mbili zijazo ametangaza "wiki ya miguuni", kila familia ilete kitu kinachouma. Mimi na mume wangu tuna kiwanja kimoja tulichonunua kwa kuuza mpunga wa misimu kadhaa. Nilipomweleza mume wangu akasema kiwanja hakiendi popote, lakini mimi nikitaka kuhama niende, hatanizuia.

Naomba unisaidie. Mbona kanisa la mitume lilikuwa na moyo mmoja na letu linagawana kwa kilo tano za mchele? Nikihama nitakuwa nimekosa? Na hicho kiwanja?

Katibu wa Mtaa, Kilombero

Marahaba, Mama Katibu.

Niruhusu nianze na kiwanja, maana hiyo wiki ya miguuni haisubiri.

Usikitoe. Hata mume wako angekuwa radhi ningekuambia usikitoe kwa utaratibu huo, na sababu naitoa katika kitabu kilekile anachokihubiri Mtume. Sura ya 4 ya Matendo inamalizikia kwa Yusufu, Mlawi mwenyeji wa Kipro, ambaye mitume walimwita Barnaba. Aliuza shamba, akaleta fedha. Fungua sura ya 5, unakutana na Anania na mkewe Safira, waliouza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha na kudai kwamba wameleta yote. Wachangishaji wanakipenda sana kifo cha hao wawili, lakini wanayaruka maneno ya Petro yaliyotangulia kifo hicho. Petro alimwuliza Anania: kabla hujauza, si kilikuwa mali yako? Na ulipokwisha kuuza, fedha si zilikuwa katika uwezo wako? Kosa lao lilikuwa uongo. Hakuna aliyekuwa amewadai kiwanja.

Endelea mpaka sura ya 12. Petro anatolewa gerezani usiku, na anakokwenda ni nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, ambako watu wengi walikuwa wamekusanyika wakiomba. Ni nyumba yenye lango, tena ina kijakazi wa kulifungua, Roda, ambaye alipoisikia sauti ya Petro alifurahi mno hata akasahau kufungua, akarudi ndani mbio kuwaambia wenzake huku Petro yuko nje anaendelea kubisha. Huyo Mariamu ni mwamini, yuko Yerusalemu, na mwanawe ni ndugu wa ukoo mmoja na yuleyule Barnaba aliyeuza shamba. Nyumba yake haikuuzwa, na hakuna mtume aliyemlaumu. Kanisa lilikesha humo.

Kwa hiyo kuuza kulikuwapo, na kulikuwa kwa hiari ya mwenye mali, pale hitaji lilipotokea. Wewe umetangaziwa wiki. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu Mtume mwenyewe, simjui, na sitamhukumu kwa barua ya mtu mmoja. Ninalojua ni kwamba Wakristo wa mwanzo hawakumpokea kila aliyejiita hivyo. Kanisa la Efeso linasifiwa katika Ufunuo sura ya 2 kwa kuwajaribu wale waliojiita mitume nao sio. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mitume wa uongo waliokuwa wakila jasho lao, na akawakumbusha kwamba yeye hakuwalemea. Korintho alifanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na Priskila, mume na mke waliofukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wenzao kwa amri ya Kaisari Klaudio. Wakati wenyewe tunaujua vizuri kuliko tarehe nyingi za kitabu hicho, kwa sababu liwali Galio aliyeletewa mashtaka ya Paulo anatajwa katika maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi huko Ugiriki, nayo yanatuweka kwenye mwaka 51 au 52 hivi. Paulo alipowaaga wazee wa Efeso pale Mileto alinyosha mikono yake akasema hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wenzake, na kwamba hakutamani fedha wala mavazi ya mtu.

Kuna andiko jingine la zamani ambalo natamani lingebandikwa kwenye mlango wa kila ukumbi wa kupanga. Linaitwa Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Si sehemu ya Biblia, lakini wataalamu wengi huliweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Lilipotea muda mrefu, mpaka msomi wa Kanisa la Kiorthodoksi, Philotheos Bryennios, alipolikuta Konstantinopoli mwaka 1873 ndani ya hati iliyonakiliwa mwaka 1056. Linasema mtume akija apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, ikibidi na ya pili. Akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala, basi. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Zama zimebadilika, na sisemi mtumishi asiwe na makazi wala mshahara. Nataka tu uone kwamba watu walioishi karibu na mitume kuliko sisi walikuwa wakali kuhusu mifuko ya mitume.

Umesema kilichokutuliza ni kwamba hakuna kamati. Mama, wewe ni katibu, unajua vikao vinavyochosha, ninakuelewa. Lakini mahali pasipo na kamati, funguo anazo mtu mmoja. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu alikataa kabisa kuwa huyo mtu mmoja. Aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba yake siku ya kwanza ya juma, kisha wao wenyewe wachague watu wa kuupeleka. Barua ya pili, sura ya 8, anataja ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri pamoja na mchango huo, mtu asije akapata la kulaumu. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Matendo 20 inawataja waliosafiri naye kurudi: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia. Wasomaji wengi wa Agano Jipya wanaamini hao ndio wawakilishi wa makanisa yaliyochanga, kila upande na mtu wake. Mwulize Mtume swali dogo tu: fedha za wiki ya miguuni zitahesabiwa na nani, na taarifa itasomwa lini? Atakavyokujibu, na uso atakaokujibu nao, utakuwa umepata ushauri bora kuliko wangu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, la bibi na kikapu chake. Huyo bibi yumo kwenye Matendo. Mtume wako anahubiri sura ya 2 na ya 4, na ningependa siku moja ahubiri ya 6.

Yerusalemu kulikuwa na waamini wa aina mbili, wote Wayahudi. Waebrania walikuwa watu wa nyumbani, wanaosema Kiaramu. Wale ambao Biblia yetu inawaita Wayahudi wa Kiyunani walitoka nje au wazazi wao walitoka nje: Kirene, Aleksandria, Kilikia, Asia. Walisema Kiyunani na walikuwa na masinagogi yao. Mwaka 1913 lilichimbuliwa Yerusalemu jiwe lenye maandishi ya Kiyunani la kuhani mmoja aitwaye Theodoto, aliyejenga sinagogi la kusomea Torati, pamoja na vyumba na maji kwa ajili ya wageni kutoka nje. Ndiyo dunia yao hiyo. Wanahistoria wengi hueleza kwamba Wayahudi wa ughaibuni walipenda kuja kuzeekea na kuzikwa katika mji mtakatifu. Mume akifa, mke anabaki mjini hana mjomba wala shemeji. Wajane wa Waebrania walikuwa na ukoo mtaa wa pili. Wajane wa Kiyunani walikuwa na kanisa tu.

Na kanisa likawasahau. Luka, mwandishi wa Matendo, anaandika kwamba wanafunzi walipokuwa wakiongezeka palikuwa na manung'uniko, kwa sababu wajane hao waliachwa katika mgao wa kila siku. Zingatia lini yalitokea: wanafunzi walipokuwa wakiongezeka. Kundi la watu 120 katika chumba cha juu hujuana kwa majina. Baada ya Pentekoste waliongezeka kama 3,000, baadaye Luka anataja wanaume 5,000. Kwa wingi huo anayegawa chakula huwakumbuka anaowajua, na anaowajua ni wa lugha yake. Hakuna haja ya kumtafuta mwovu. Luka hasemi wajane waliibiwa, wala hamtaji aliyekuwa na orodha.

Kwa hiyo swali lako la kwanza limejibika. Kanisa la mitume lilikuwa na moyo mmoja, na kanisa hilohilo, Petro na Yohana wakiwamo humo ndani, liligawanyika kwa chakula cha wajane kati ya wenyeji na wa kuja. Na si mara moja tu liligombana. Petro na Paulo walikabiliana Antiokia mbele ya watu wote kwa sababu Petro aliacha kula meza moja na watu wa mataifa. Korintho walikuwa na makundi ya "mimi wa Paulo, mimi wa Apolo", na kwenye meza ya Bwana mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa. Nusu ya nyaraka tunazozisoma Jumapili zisingeandikwa kama makanisa yale yangekuwa na amani.

Ninachotaka ukitazame kwa karibu ni walivyolitatua la wajane. Thenashara hawakuhubiri umoja. Hawakusema "tuombe juu ya jambo hili" wakafunga kikao. Waliita mkutano wote, wakakiri hawawezi kuacha neno wakahudumu mezani, wakawaambia watu wachague wenyewe wanaume saba wenye sifa njema. Watu wakawachagua Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yasome tena majina hayo. Yote saba ni ya Kiyunani. Najua jina peke yake halithibitishi ukoo, maana hata kati ya Thenashara kulikuwa na Filipo na Andrea. Lakini saba kwa saba, na wa mwisho hata Myahudi wa kuzaliwa si yeye, wasomi wengi wanakubaliana kwamba kwa sehemu kubwa walitoka upande ulionung'unika. Waliosahauliwa walikabidhiwa orodha, ya wajane wao na ya wajane wa Waebrania pia.

Hebu jaribu kulisema hilo kwenye baraza lenu uone nyuso. Wenyeji wengi wangekuwa tayari kumwongeza mtu mmoja wa kuja kwenye kamati ya watu wanane, akae pembeni, apige kura ya kushindwa. Yerusalemu ilifanya jambo kubwa kuliko hilo, na Luka anaandika mara moja, katika aya inayofuata, kwamba neno lilienea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana.

Tena haikuishia Yerusalemu. Stefano akapigwa mawe, wengine wakatawanyika kwa mateso. Filipo, mgawa chakula, akaenda Samaria, kisha kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza akakutana na towashi Mkushi, mweka hazina wa Kandake malkia wa Wakushi, akambatiza. Watu wa Kipro na Kirene, watu wa nje kama wao, wakafika Antiokia na kuanza kusema na Wayunani, na ni Antiokia ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Antiokia ndiyo iliyowatuma Barnaba na Paulo. Hebu fikiri upande ule ungeambiwa "wana kwao", wakaenda kwao. Petro angebaki na kanisa zuri la Waebrania mjini Yerusalemu, na sijui wewe na mimi tungesikia habari kwa nani.

Na orodha ya wajane haikukoma na Wale Saba. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, una masharti yake: mjane aandikwe akiwa ametimiza miaka 60, na mwenye watoto au jamaa walio waamini atunzwe kwanza na hao, ili kanisa lisilemewe. Mwaka 251 hivi askofu Kornelio wa Rumi aliandika barua, ambayo Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, ametuhifadhia, akihesabu watumishi wa kanisa lake: makasisi 46, mashemasi 7, na kadhalika. Kisha akataja wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakilishwa. Mashemasi wako saba tu, kama wale wa Matendo. Karne iliyofuata, Kaisari Juliano, mpinzani mkubwa wa Wakristo, aliwaandikia makuhani wake wa miungu kwa uchungu kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanalisha maskini wao na wetu pia. Hakulalamikia mahubiri yao.

Kuhama si dhambi kwa kila hali. Paulo na Barnaba walitofautiana vikali kuhusu Yohana Marko, aliyewaacha njiani Pamfilia. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro, Paulo akamchukua Sila akapita Siria na Kilikia. Baadaye katika waraka wa pili kwa Timotheo Marko huyohuyo anaitwa kwa sababu anafaa kwa utumishi. Watu wanaweza kuachana njia bila kuachana imani. Lakini wale wawili kila mmoja aliujua ubishi wa mwenzake, waliusema usoni. Wewe bado hujasema. Ukihama leo, baraza litaandika "katibu amehamia huduma nyingine", mama mkwe ataona ameshinda bila hata kujua kulikuwa na shindano, na kaunta buku itabaki vilevile.

Anza na mama mkwe, faragha, na mume wako akiwapo, kwa kuwa ni mama yake na neno hili litamfikia laini zaidi likipita kwa mwanawe. Msiende na neno "upendeleo". Nendeni na shida anayoweza kuikubali: washarika wameongezeka, na mtu mmoja hawezi tena kuwajua wajane wote. Hilo ni kweli, na ndilo lililotokea Yerusalemu. "Hao wana kwao" mjibu kwa Timotheo: basi tuwaulize mmojammoja, mwenye mtoto au ndugu mwamini wa kumtunza atatunzwa naye, wa wenyeji na wa kuja kwa kipimo kimoja. Nadhani baadhi ya majina yaliyomo sasa yatatoka. Jiandae kwa hilo, huenda mmoja akawa shangazi wa mume wako.

Kisha mweleze mchungaji, kabla ya baraza, ili asishtukizwe kikaoni. Usiliweke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hata kama kuna mtu atakuchokoza huko. Barazani peleka pendekezo moja lililoandikwa: kamati ya mgao ichaguliwe na mkutano wa washarika wote, na wengi wao watoke upande ambao majina yao hayamo. Orodha isomwe kwenye jumuiya kabla ya kupitishwa. Mgao utiwe saini na watu wawili kutoka pande mbili, na taarifa isomwe baada ya ibada, magunia mangapi yaliingia na mangapi yalitoka. Wakisema ni kuwadharau wazee, wafungulie Matendo 6 na 2 Wakorintho 8. Wewe ndiye mwandika muhtasari, kwa hiyo hata wakikataa, liandike pendekezo na sababu walizozitoa, kama zilivyosemwa.

Vijana wa kwaya usiwaite warudi kwanza. Mwambieni mmoja wao aje barazani kueleza wajane wao ni akina nani na wanakaa wapi. Watu wakiulizwa jambo la kweli hurudi wenyewe.

Na mama mkwe asiondolewe. Pendekeza abaki kwenye kamati, kwa jina, katika pendekezo lilelile. Mtu aliyeshika orodha miaka yote hiyo bila kwenda na kiberiti cha kanisa nyumbani anajua nani anatunzwa na wanawe kimyakimya na nani anajifanya, nani alitengwa na ukoo na nani amekuja kwa ajili ya sukari tu. Wajumbe wapya watamhitaji, na akiketi nao kwenye benchi moja miezi michache atawajua wale asiowajua. Akikataa kuketi nao, hapo ni kazi ya mchungaji, si yako mkaza mwana.